Uzi: Kuonja barliwaini kwa utaratibu (joto, glasi, umri wa chupa na kasoro)

#1 Kimea_Safi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa barliwaini tu. Maswali yanayoulizwa kila mara ni yale yale: mbona tamu kama dawa ya kifua, mbona inachoma koo, mbona haina gesi. Mara nyingi bia haina kosa lolote. Imetolewa kwenye friji ikiwa barafu, ikamiminwa kwenye glasi ndefu hadi ukingoni, ikanywewa kwa mafunda ya laga. Bia hii ukiipa joto lake na muda wake, inafunguka yenyewe.

Jina maana yake ni mvinyo wa shayiri, lakini zabibu hamna humo. Ni kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), hamira na maji, ila kimea ni kingi mno. Bia ya kawaida ya lita 20 inataka kimea kama kilo 4 na robo. Barliwaini ya lita hizo hizo inakula kilo 10 na ushee. Ukipima uzito wa yale maji matamu kabla ya hamira kuingia, unakuta 1.080 hadi 1.120, na maji matupu ni 1.000. Hamira ikimaliza kazi bado kuna sukari isiyochachuka, kwa hiyo uzito unatua 1.018 hadi 1.030, na kilevi asilimia 8 hadi 12. Utamu huo na kilevi hicho ndivyo vinavyobeba harufu zote nyingine.

Koo, yaani jamii za bia hii, ziko mbili. Ya Waingereza inaegemea kimea: tofi, ukoko wa mkate, zabibu kavu, tende, tini, sukari guru. Uchungu upo, IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 35 hadi 70, ila umekaa nyuma. Ya Wamarekani inatoka kwenye kimea kile kile, lakini hopsi zinasimama mbele, IBU 50 hadi 100: ganda la balungi, ganda la danzi, utomvu wa msonobari. Mfano mzuri wa kwanza ni Harvest Ale ya J.W. Lees, Manchester, iliyoanza 1986, asilimia 11.5, kwa kimea cha Maris Otter na hopsi za East Kent Goldings. Mfano wa pili ni Bigfoot ya Sierra Nevada, Chico, California, iliyoanza 1983, asilimia 9.6 na IBU 90. Mwenye nafasi ya kuzipata zote mbili azionje jioni moja. Atajifunza zaidi kuliko kwa kusoma.

Sasa namna ya kuonja.

Chupa isimame wima siku moja au mbili kabla, mashapo yatulie chini. Ikitoka kwenye friji ipumzike mpaka ifike kati ya nyuzijoto 8 na 10, ndipo uifungue. Hapo ndipo pa kuanzia. Utakuwa unaonja ikiwa inapanda hadi 16.

Glasi iwe ya tumbo pana na mdomo uliobana, ya mililita 300 hadi 400. Mimina mililita 100 hadi 120 tu. Ile nafasi tupu juu ndipo harufu inapokusanyika, usiijaze. Glasi ioshwe, isuuzwe kwa maji mengi na ikauke kwa hewa. Mafuta kidogo ya kitambaa cha jikoni yanatosha kuua povu, na povu la bia hii ni dogo tangu mwanzo. Mimina kwa ubavu wa glasi, malizia katikati. Acha mililita 10 au 15 za mwisho kwenye chupa pamoja na mashapo.

Tazama rangi mbele ya mwanga: kahawia ya kaharabu, shaba, hadi nyekundu iliyoiva. Ikiwa nyeusi tii, huenda umeshika stauti. Ukungu mwembamba wakati wa baridi usikutishe, ni protini za kimea zimeshikana na tanini, zinayeyuka joto likipanda. Zungusha glasi taratibu uone michirizi inayoteremka ukutani, hiyo ni dalili ya kilevi.

Harufu ndiyo nusu ya kazi. Mnuso wa kwanza uwe mfupi, pua sentimita chache juu ya glasi, mdomo umefunguka kidogo. Ukizamisha pua ndani na kuvuta kwa nguvu, kilevi kitakuunguza na hutanusa kingine kwa dakika kadhaa. Mnuso wa pili: funika glasi kwa kiganja, zungusha, fungua, nusa mara mbili tatu fupi. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe.

Funda ni mililita 10 hadi 15, kama kijiko kikubwa kimoja. Ipitishe ulimi mzima, hesabu tano, meza, kisha toa pumzi kwa puani. Pumzi hiyo ndiyo inayoleta matunda makavu na hopsi. Halafu kaa kimya, hesabu thelathini. Barliwaini nzuri inabadilika ndani ya hizo sekunde thelathini: utamu, kisha mkate, kisha uchungu, kisha joto kifuani. Ikikatika ghafla au ikibaki tamu tupu, andika hivyo.

Rudia kila baada ya dakika kumi. Andika ulichonusa kwa joto lile, maana ukisubiri mwisho utaandika glasi ya mwisho peke yake.

#2 PwaniMoto

Shukrani mkuu, umeeleza vizuri. Swali la sisi wa Dar: nyumba ina nyuzijoto 30 na wengi hatuna kipimajoto cha vinywaji. Chupa ikitoka kwenye friji ya kawaida ikae dakika ngapi? Na bia isije ikapita 16 kabla hujamaliza?

#3 Kimea_Safi

Ndugu PwaniMoto, kwa chupa ya mililita 330 iliyotoka nyuzijoto 4, kwenye chumba cha 30, dakika 15 zinakufikisha 8 au 9, na dakika 25 kama 12. Kwenye chumba cha 22, kama Arusha au Nairobi jioni, kufika 12 ni dakika 40. Ikumbukwe kwamba bia ikishamiminwa inapata joto haraka zaidi kuliko ikiwa chupani, kwa sababu ni kidogo na mkono unaishika.

Kwa hiyo pwani usimimine yote. Mimina mililita 80, chupa irudi kwenye bakuli la maji baridi bila barafu. Glasi ishike kwa mguu wake, usiikumbatie kwa kiganja. Ukitaka ipande haraka, hapo ndipo ukumbatie.

Ikipita 18 utaijua bila kipimajoto. Kilevi kinatangulia mbele ya kila kitu na utamu unakuwa mzito kama shira.

#4 Msonobari

Naongezea upande wa Marekani, maana watu wanaionja kwa kipimo cha Waingereza halafu wanasema imeharibika.

Barliwaini ya kwanza ya Marekani ya zama hizi ni Old Foghorn ya Anchor, San Francisco, 1975. Neno "barley wine" liliunganishwa likawa moja na kwenye lebo ikaandikwa "barleywine style ale", ili mnunuzi asidhani ni mvinyo wa zabibu. Ndiyo maana hadi leo Wamarekani wanaliandika pamoja na Waingereza wengi wanalitenganisha. Huko Uingereza ni Bass ya Burton-on-Trent iliyolizoesha jina hili madukani kwa bia yake No. 1.

Bigfoot ikiwa mbichi, miezi mitatu minne tangu itoke, inauma. Hilo ndilo kusudio. Usitafute tende wala asali humo. Tafuta balungi, danzi, na ile harufu ya mbao mbichi za msonobari; aliyepita kwenye viwanda vya mbao vya Sao Hill kule Mufindi anaijua. Chini yake kuna tofi. Swali la kujiuliza ni moja: uchungu unapokaribia kuzidi, je, kimea kinakuja kuushika? Kikiushika, bia imesimama. Uchungu ukibaki peke yake ulimini, mkavu, kama umetafuna mbegu za balungi, basi hopsi zimezidi kimea.

Joto lake la kuonja lianze chini kidogo, 7 au 8, kwa sababu hopsi zinanukia vizuri hapo. Ya Mwingereza ikiwa 7 ni bubu kabisa.

#5 DadaHopsi

Wadau, Nairobi hapa. Naomba niweke kasoro pamoja na chanzo chake, kwa sababu kusema "haina ladha nzuri" hakumsaidii anayepika wala anayenunua.

Asetoni, thina, dawa ya kutoa rangi ya kucha. Chanzo ni hamira iliyochachuka kwenye joto kali, au hamira chache kwa sukari nyingi. Kwa lita 20 za uzito wa 1.100 pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 11.5 haitoshi, ziwe mbili au tatu. Siku tatu nne za kwanza joto la bia yenyewe, achana na la chumba, libaki 17 hadi 19. Hamira inapofanya kazi inapasha bia nyuzijoto kadhaa juu ya chumba, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kosa hili haliponi kwa kuhifadhi chupa. Ukali wa kilevi cha kawaida unalainika kwa miezi, thina hailainiki.

Tufaha bichi. Ni asetaldehidi. Bia imetenganishwa na hamira mapema mno.

Siagi, bisi za sinema. Ni diasetili, sababu karibu ile ile. Hamira ingeachwa siku chache zaidi kwenye nyuzijoto 20 au 21 ingeila. Kwenye koo ya Waingereza chembe ndogo inaweza kuvumilika, mimi siipendi hata kidogo.

Shira inayonata, haina mwisho. Hamira ilikata tamaa njiani, uzito ukabaki 1.035 au zaidi. Mara nyingi kimea kililowekwa kwenye maji ya joto la juu sana, nyuzijoto 69 au 70. Kwa bia nzito hivi ni 64 hadi 66, kwa sababu sukari ngumu tayari ni nyingi kwa wingi wa kimea chenyewe.

Kicheche. Mwanga wa jua au taa za duka umeifikia kupitia chupa nyeupe au ya kijani na kuvunja viungo vya hopsi. Chupa ya kahawia inakinga sehemu kubwa, boksi linakinga zaidi. Hapa huku kwetu tuwe wakali, chupa zinapangwa dirishani mwa duka miezi.

Siki, au chupa inayorusha povu hadi darini ukiifungua. Vijidudu vimeingia. Imwage.

Boksi lililolowa, karatasi ya zamani. Hewa. Hili linahitaji maelezo marefu, namwachia Stoo_Baridi.

#6 Glasi_Tulipu

Dada, hapo kwenye hewa ndipo ninapochanganyikiwa. Wanaosifu barliwaini ya miaka kumi wanasema ina sheri, ngozi, tende. Na harufu ya sheri (ule mvinyo mkali wa Kihispania) si ndiyo ya bia iliyokula hewa? Sasa kasoro ni ipi na sifa ni ipi?

#7 Stoo_Baridi

Swali zuri, na nadhani ndilo linalomtenganisha anayeijua barliwaini na anayeisifia kwa kusikia. Vumilieni, nitaandika kirefu.

Ndani ya chupa mambo manne yanakwenda kwa wakati mmoja, kila moja kwa mwendo wake.

La kwanza ni uchungu kushuka. Asidi za hopsi zilizochemshwa zina maumbo mawili, na umbo moja linavunjika haraka kuliko la pili. Kwa hiyo uchungu haupungui tu, unabadilika sura. Bigfoot ya mwaka mmoja bado ina meno, ya miaka minne meno yamelegea na tofi imechukua kiti. Harufu ya balungi ndiyo inayotangulia kuondoka, miezi sita hadi kumi na miwili.

La pili ni esta, yaani viungo vinavyoleta harufu za matunda. Ile harufu ya ndizi ya bia changa inashuka, zile za mvinyo na matunda makavu zinapanda polepole.

La tatu ni hewa. Hata chupa iliyojazwa kwa uangalifu ina oksijeni kidogo, na kizibo cha bati kinapitisha nyingine kupitia mpira wake mwaka hadi mwaka. Oksijeni ikikutana na kimea kingi na kilevi kingi inatengeneza, pamoja na mengine, sotoloni, harufu ya sheri na ya sukari iliyoungua. Kwenye laga kitu kinachojitokeza kwanza ni trans-2-nonenali, yaani boksi lililolowa, kwa kuwa laga haina cha kuificha. Barliwaini inayo. Ndiyo sababu hewa ile ile inamuua mmoja na kumkomaza mwingine.

La nne ni hamira iliyobaki chini ya chupa kufa na kupasuka. Kidogo inatoa utamu wa supu nzito. Ikizidi ni sosi ya soya, mchuzi wa nyama, mpira.

Sasa jibu lako, ndugu Glasi_Tulipu. Nusa kwa mpangilio huu. Je, tende, zabibu, ngozi na sheri zinakuja juu ya kimea ambacho bado kina mwili? Hiyo ni bia iliyokomaa. Je, sheri iko, lakini ukimeza katikati kuna shimo, kimea kimekwisha, na mwishoni kuna karatasi? Hiyo imepita. Watu wanaitafuta sheri, mimi nasema itafuteni katikati ya mdomo. Bia ya miaka 15 yenye sheri ya kupendeza na katikati tupu ni mzee aliyevaa koti zuri.

Ipi inafaa kuwekwa? Asilimia 8 ni sakafu. Juu ya 10, yenye sukari ya kutosha iliyobaki, ndiyo salama. Thomas Hardy's Ale ya Dorchester, iliyoanza 1968, ilitoka na ahadi ya kukaa chupani miaka 25, na Vintage Ale ya Fuller's, London, inatoka kwa mwaka wake tangu 1997 ikiwa na asilimia 8.5 na hamira hai chupani. Najua kuna wanaosema hiyo ya Fuller's ni eli kongwe ("old ale", aina jirani ya bia nzito) na si barliwaini. Mpaka kati ya hizo mbili haupo, haustahili ugomvi.

Stoo: nyuzijoto 10 hadi 13, giza, joto lisipande na kushuka. Chupa zisimame wima, zote, hata zenye kizibo cha mti. Ukiilaza, mashapo yanakaa ubavuni, na bia inagusa hewa kwa eneo kubwa zaidi. Kuchovya shingo kwenye nta kunapendeza machoni, lakini usiache kudhibiti joto ukitegemea nta.

Kwa wa pwani nasema wazi: nyuzijoto 30 si kuzeesha, ni kupika. Kila nyuzijoto 10 zikiongezeka mabadiliko haya yanakwenda mara mbili hadi tatu. Kutoka 12 hadi 30 ni mara tatu hadi saba. Na hayaendi sawa: boksi na sosi ya soya vinakimbia kuliko tende. Miezi sita kabatini Tanga haikupi miaka mitatu ya Manchester, inakupa kitu kingine. Friji ya kawaida iliyowekwa kwenye joto lake la juu, 7 au 8, ni bora mara nyingi kuliko kabati. Itakomaa taratibu, lakini itakomaa sawasawa.

#8 PwaniMoto

Nimekuelewa, mkuu. Kwa hiyo chupa zilizosafirishwa kwa kontena na kukaa bandarini kabla ya kufika duka la Dar, tarehe ya lebo haisemi ukweli wote?

#9 Stoo_Baridi

Haisemi. Kabla ya kununua angalia vitu vitatu. Kiwango cha bia shingoni kikilinganishwa na chupa za jirani: kikiwa chini, kizibo kinavuja. Ukingo wa kizibo: kutu au unga mkavu wa sukari, iache. Mashapo: yakiwa vipande vikubwa vinavyoelea kama majani ya chai, joto limeipitia. Vumbi laini chini ni sawa kwa chupa yenye hamira hai.

#10 Msonobari

Kuhusu kuonja miaka mbalimbali ya bia moja mezani, mfano Bigfoot za miaka minne mfululizo. Desturi ni kuanza na changa kwenda kongwe. Kwa Bigfoot napinga. Changa ya IBU 90 ikitangulia, ulimi umefungwa kwa uchungu, na ile kongwe itaonekana maji ya sukari. Anza na kongwe.

#11 Kimea_Safi

Hapo tutatofautiana kidogo, mkuu. Kwa koo ya Waingereza kongwe ndiyo nzito zaidi kwa harufu, ikitangulia yenye sheri na ngozi, ile ya mwaka huu itaonekana mbichi na tupu. Kwa Harvest Ale mimi naanza na changa.

#12 Msonobari

Hapo sina ubishi. Basi iwe hivi: yenye uchungu mkubwa ianze kongwe, yenye kimea ianze changa. Kwa vyovyote zimiminwe zote kabla, mililita 50 kila glasi, glasi ziandikwe namba chini, na baada ya mzunguko wa kwanza mtu arudi nyuma anusie zote tena kwa mpangilio wa kinyume. Mzunguko wa pili ndio wa kuamini. Zisizidi tano. Ya sita hakuna anayeionja, anaimeza.

#13 DadaHopsi

Kwa kuwa umetaja kumeza, tuweke hesabu mezani. Chupa ya mililita 355 yenye asilimia 9.6 ina mililita 34 za kilevi halisi. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina 21. Chupa moja ndogo ni zaidi ya Tusker moja na nusu, na utamu unaficha. Chupa ya 330 igawiwe watu watatu, maji ya kunywa yawe mezani, glasi kwa glasi, na anayeendesha asionje.

#14 Glasi_Tulipu

Naelewa sasa, asanteni sana. La chakula je? Wengi wanasema jibini.

#15 Kimea_Safi

Jibini la bluu la Stilton na barliwaini ya Mwingereza ndiyo ndoa ya zamani. Chumvi inakata utamu, mafuta yanalainisha kilevi. Ukikosa Stilton, tafuta jibini lolote gumu lililokaa miezi mingi. Korosho zilizokaangwa na chumvi zinafanya kazi karibu ile ile, na zinapatikana kila mahali kwetu.

Ya Mmarekani inapenda nyama choma yenye mafuta, mbavu hasa, kwa sababu uchungu unasafisha mdomo. Pilipili iwekwe mbali. Kilevi cha asilimia 10 kinaiwasha mara mbili na hutaonja chochote tena. Kashata na keki tamu zinaifanya bia ionekane kali na chungu bure.

Wakati wa kuonja kwa kuandika, usile kitu. Chakula kije glasi ya mwisho.

#16 Mpishi_Lita20

Wakuu, nimesoma uzi wote. Kuna swali la post ya kwanza halikujibiwa: mbona nyingine haina gesi kabisa? Chupa imekaa miezi mitatu, sukari ya chupani iliwekwa.

#17 DadaHopsi

Mbili. Kwanza, gesi ndogo ni ya asili ya bia hii, hasa ya Mwingereza. Ukiimimina na kuona viputo vichache vikipanda polepole, iko sawa. Gesi nyingi inakwangua ulimi na kubeba kilevi hadi puani.

Ikiwa imelala kabisa kama chai, basi hamira ilichoka. Imeshapigana na sukari nyingi, inaogelea kwenye asilimia 10 ya kilevi, na baada ya miezi ya kutulia nyingi imeanguka chini. Kuipa sukari peke yake hakuiamshi. Siku ya kujaza chupa ongeza hamira mpya ya mvinyo inayostahimili kilevi, gramu 2 kwa lita 20, iloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15. Sukari ya kawaida gramu 90 kwa lita hizo 20 inatosha. Hamira ya mvinyo ina faida nyingine: haiwezi kula ile sukari ndefu ya kimea iliyobaki, inakula hiyo uliyoongeza na kusimama, kwa hiyo chupa hazipasuki. Ziweke wiki tatu au nne kwenye nyuzijoto 20 hadi 22, ndipo ziingie stoo.

Zilizokwisha kulala usizifungue kuongeza hamira. Hewa itakayoingia ni hasara kubwa kuliko gesi utakayopata. Zinywe zilivyo, zikiwa 13 hivi, kwenye glasi ndogo.

#18 Glasi_Tulipu

La mwisho kutoka kwangu. Chupa imefunguliwa, imebaki nusu. Inatunzika?

#19 Stoo_Baridi

Usiku mmoja. Hamishia kwenye chupa ndogo safi ili ijae hadi shingoni, funga, rudisha kwenye friji ikiwa wima. Kesho yake ianze kuonjwa ikiwa 10. Gesi itakuwa imepungua, na kwa koo ya Waingereza saa 24 hizo mara nyingine zinaileta tende mbele. Ya Kimarekani imalizeni siku ile ile, hopsi hazingoji.